Rufus Hakubali

Mwanamume akikosa la kumwambia mkewe, hukimbilia jikoni. Gitonga alikuwa jikoni tangu asubuhi. Alikuwa ameyeyusha sombe ya barafu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, aliyoinunua duka la Wakongo pale Merrylands, akaitia mawese na samaki mkavu, na sasa alikuwa akiikoroga kwa uangalifu wa mtu anayefanya mtihani. Yeye ni Mmeru, mtoto wa mukimo, wa viazi vya kuponda. Sombe alijifunza kwa ajili ya mapenzi, na leo alitamani chungu kile kimsemee.

Mkewe, Nsimire, alikuwa makaburini. Ulikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2021, Sydney imefungwa kwa sababu ya korona, na walioruhusiwa kuzika walikuwa watu kumi tu. Ndugu walijihesabu wakafika kumi kabla hawajamfikia mkwe. Gitonga hakulalamika. Moyoni, Mungu amsamehe, alishukuru.

Aliyezikwa alikuwa Mama Léocadie, mdogo wake marehemu mama yake Nsimire. Ndiye aliyembeba Nsimire mgongoni kutoka Bukavu, akamlea katika kambi ya Nakivale kule Uganda, akamleta mpaka Australia akiwa binti wa sekondari. Watu wengine walimwita mama mdogo wa Nsimire. Nsimire mwenyewe hakuwahi kulitumia hilo neno "mdogo".

Gari lilisimama nje. Papa Balthazar, mpangaji wao aliyekaa katika kijumba cha nyuma, alikuwa ameshaweka beseni la maji getini kama ilivyo desturi kwao, na Gitonga alimsikia kupitia dirishani.

"Nawa mikono, binti yangu. Mambo ya kaburi ibakie inje."

Maji yalimwagika, kisha mlango ukafunguka, na Nsimire akaingia na koti lake jeusi, barakoa bado usoni.

"Umefika, babe," Gitonga alisema. "Pole. Pole sana. Si uketi kwanza? Nimekupikia sombe."

Nsimire hakuketi. Kwa sababu ya barakoa Gitonga aliyaona macho tu, na macho yale, ambayo kwa miaka mitano yalimwambia kila kitu kabla ya mdomo, leo hayakumwambia chochote.

"Gitonga," alisema. "Rufus ni nani?"

Gitonga alikaribia kutabasamu. Usimlaumu, ilikuwa mazoea tu. Jina hilo lilikuwa limewachekesha miaka miwili.

Walipoinunua nyumba hii mwaka 2019, nyumba kuukuu ya mbao yenye vyumba vinne na kijumba uani, walijua bila wapangaji hawaiwezi. Na wapangaji wangekuwa watu wao, maana nani mwingine angewaamini? Lakini wewe unatujua sisi. Mtu mnayeimba naye kwaya utamgongea mlango vipi umwambie mwezi umeisha? Utamkataza vipi kuleta shemeji zake watatu walale sebuleni? Mwenye nyumba akiwa mwenzako, nyumba inakuwa ya wote. Basi usiku wao wa kwanza humo, wakiosha vyombo, Nsimire akasema, "Tuseme nyumba ni ya muzungu. Sisi tunamuangalilia tu." Gitonga akauliza, mzungu gani? Nsimire akasema, "Rufus." Hakujua hata alilitoa wapi.

Rufus akazaliwa mzee. Wakampa magoti mabovu, mbwa mkali, na nyumba huko milimani ambako simu zilishika kwa shida. Waceke, msichana wa Kiambu aliyesomea unesi na kupanga chumba cha kati, alipotaka kufuga paka, Rufus hakukubali. Kwaya ilipotaka kufanyia mazoezi sebuleni, Rufus hakukubali, na mume na mke wakasikitika pamoja na wanakwaya. Kila hapana ilikuwa ya Rufus, kila ndiyo ilikuwa yao. Krismasi ya kwanza Papa Balthazar alikaanga samaki mkubwa kwa pilipili na ndimu, akamfunga vizuri, akasema, "Mumupelekee ule mzee, anaishi peke yake, inasikitisha." Samaki yule walimla kitandani, wamejifunika shuka gubigubi, wakicheka ndani ya mto hadi machozi yakawatoka.

Hata Mama Léocadie hawakumwambia. Nsimire alitaka, lakini furaha ya mama yule haikuwa na kifuniko. Angesimama kanisani Jumapili atoe ushuhuda kwamba Mungu amempa mtoto wake nyumba, na kufikia Jumatatu habari ingekuwa imefika kwa ndugu wa St Marys na kurudi. Tutamwambia baadaye, walisema. Baadaye ni neno tamu sana kwa watu wanaopendana.

"Nimekuuliza," Nsimire alisema.

"Babe, Rufus si ni ile story yetu?"

"Aksanti aliniambia pale kaburini." Aksanti ni mtoto pekee wa Mama Léocadie, kijana wa kazi za ghala. Yeye ndiye aliyeugua kwanza, na korona iliyomuua mama yake aliingia nayo katika fleti yao ndogo kule Campbelltown. "Alisimama kule, mimi huku, hata kunikumbatia hapana, maana tumekatazwa. Akasema, 'Ya Nsimire, dada yangu, umuambie ule muzungu yenu, mama alimusamehe.' Nikamuuliza, alimusamehe nini? Akashangaa. 'Si alimukatalia chumba? Mama alikuwa anamuombea kila siku. Hata mu hospitali, ile siku nesi alitushikia simu tumuone, alikuwa anasema, Mungu, ulainishe roho ya Rufus.'"

Aliivua barakoa, kwa kuwa ilikuwa imelowa na haikumfaa tena.

"Mama yangu amekufa akimwombea mtu ambaye hayupo, Gitonga. Mtu tulimtunga mimi na wewe, hapo, kwa hiyo sinki."

Gitonga alizima jiko.

"Alipiga simu mwezi wa sita," alisema. "Lockdown ilikuwa ndiyo imeanza. Wewe ulikuwa shift, kule kwa wazee unaowatunza St Marys. Alisema kazini kwa Aksanti watu wameanza kuugua. Alisema wanalala chumba kimoja, wametenganishwa na pazia. Akaomba kile chumba cha mbele. Mwezi mmoja tu, alisema."

"Na weye ulisema nini?"

"Nsimire, please..."

"Ulisema nini? Niko nataka kusikia vile ulisema. Useme vilevile."

"Nilisema..." Gitonga alitazama chungu. "Nilisema, 'Mama, mimi sina neno. Lakini Rufus hakubali.'"

Nsimire alivuta kiti akakaa, polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari akae. Kutoka chumba cha kati ilisikika sauti ya mwalimu wa Waceke akifundisha kwenye kompyuta mambo ya figo.

"Ulikuwa unamlipizia?" Nsimire aliuliza. "Kwa sababu alikataa usinioe?"

"La! Hapana. Haki ya Mungu."

"Alisema Mkenya anacheka sana, mtu wa kucheka hivyo hana siri. Mwaka mzima hakukusalimia. Uliweka hiyo kwa roho?"

"Nilimpenda Mama, Nsimire. Hiyo mambo iliisha siku ya harusi, aliponishika masikio akasema mimi ni mtoto wake. Si hiyo."

"Basi ni nini? Maana kile chumba kiko tupu. Kilikuwa tupu, kiko tupu sasa hivi. Ulikipaka rangi, ukafunga mlango. Mama yangu alikuwa analala nyuma ya pazia la mgonjwa na hapa kuna chumba kinalala chenyewe!"

"Nilikuwa nakutaka wewe," Gitonga alisema.

Lilitoka kwa sauti ndogo hata Nsimire akainua kichwa kulitafuta.

"Tangu tuoane hatujawahi kuwa peke yetu. Asubuhi Papa Balthazar yuko jikoni. Jioni Waceke yuko sebuleni. Wewe uko kazini, ukirudi umechoka, ukipumzika uko kwa simu na Mama. Sikuwa nalalamika, nilijua nimeoa watu. Lakini kile chumba tulisema ni cha mtoto. Ukiwa kazini nilikuwa naingia humo, nakaa chini kwa carpet, nafikiria vile tutakuwa. Mama aliposema mwezi mmoja nikajua utakuwa mwaka, na baada ya mwaka atakuja Aksanti. Nikaogopa. Ni hivyo tu. Niliogopa sitakupata tena."

Msomaji, ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Nsimire alimtazama mume wake, aproni ya maua kifuani, mawese kwenye kidole gumba, na akajua kwamba anasema kweli, na kwamba anampenda. Hapo ndipo maumivu yalipoanza hasa.

"Ungeniambia mimi," alisema.

"Ungesema Mama aje."

"Ndiyo. Ningesema aje."

"Sasa unaona."

"Naona nini? Ungemwambia mwenyewe basi! Kwa mdomo yako!" Sasa alikuwa amesimama, na Kiswahili chake cha Bukavu, alichokipunguza kwa ajili ya ndoa, kilimrudia chote. "Ungesema, mama, mimi Gitonga, sitaki. Angekutukana. Angenipigia mimi, ningelia, ningekutukana na mimi, usiku hatungelala, na kesho asubuhi ungechukua gari uende kumuleta. Ni vile watu banagombanaka, Gitonga! Banagombana, banapatana! Lakini na Rufus nani atagombana? Mama alifanya nini na Rufus? Aliomba tu. Alikaa pale na pazia yake akaomba!"

"Labda angeugua hata hapa. Wewe mwenyewe unafanya aged care, ungeweza kumletea."

"Labda. Labda angekufa hapahapa. Ningekuwa nyuma ya mlango wake, angesikia sauti yangu." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Mimi nilimuona mara ya mwisho kwa simu ya nesi. Imeshikwa vibaya. Niliona nusu."

Gitonga alimwendea. Nsimire hakurudi nyuma, ila hakumwegemea, na mikono ya Gitonga ilipomfikia haikujua la kufanya, ikarudi.

"Saa nane kuna kilio kwenye Zoom," Nsimire alisema alipotulia. "Mjomba Venant ndiye ataongoza. Mwishoni atauliza kama kuna mtu ana neno na marehemu. Unajua kwetu tunauliza hivyo. Anayedai, aliyemkosea, anasema hapo, marehemu aende mwepesi."

Gitonga alijua. Alijua na kinachofuata. Mkwe akikiri mbele ya ukoo kwamba alimkosea mama mkwe, mke hurudi kwao, na hukaa huko mpaka mume amfuate na wazee wa kwake wamwombe. Wazee wa Gitonga walikuwa Meru. Ndege za kuwaleta hazikuwepo, na hapa Sydney kwenyewe mtu alikuwa haruhusiwi kwenda mbali na nyumba yake bila sababu. Nani angejua hilo "mpaka" lingeisha lini?

"Watakuchukua," alisema.

"Ndiyo."

"Na nisiposema?"

Nsimire alifikiri. Alikuwa mtu wa kusema kweli hata inapomuumiza, isipokuwa kwa habari ya Rufus.

"Usiposema, sitasema. Sitakuaibisha mbele ya watu. Nitakaa hapa, nitapika, tutalala kitanda kimoja. Lakini kila ukifungua mdomo nitakuwa nasikiliza ni nani anaongea."

Saa nane walikaa sebuleni mbele ya kompyuta, wote wa nyumba ile. Papa Balthazar alivaa suti yake ya kanisa. Waceke alijifunga leso kichwani na kumshika Nsimire mkono. Kwenye kioo zilijaa nyuso: za Campbelltown, St Marys, Bukavu, na moja ya Norway ambayo ilikuwa gizani. Wimbo wa kwanza ulikuwa vurugu, kila nyumba ikifika kwenye kiitikio kwa wakati wake. Mjomba Venant, kaka yake marehemu, alisimama katika chumba chake St Marys, akahutubia kwa huzuni kubwa, mikono ikienda juu na chini, na hakuna aliyesikia neno.

"Mjomba, uko kwenye mute!" walipiga kelele nyumba saba kwa pamoja.

Nsimire alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na kikageuka kilio palepale. Gitonga aliona namna mabega yake yalivyokuwa madogo chini ya lile koti, akajua atasema. Mpaka dakika ile hakuwa amejua.

Walisali. Walisimulia. Mama Léocadie akawa hai kidogo midomoni mwa watu: jinsi alivyobishana na wauza samaki, jinsi alivyojifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na kukwangua kuta zote mbili za maegesho. Kisha Mjomba Venant akasogea karibu na kamera.

"Sasa, ndugu zangu. Kama kuna mtu ana neno na marehemu, aliseme, dada yangu aende mwepesi."

Gitonga alibonyeza kitufe cha sauti.

"Mimi, Mjomba. Mkwe wenu."

"Sema, mukwe."

"Mama aliniomba chumba katika nyumba hii mwezi wa sita. Nikamwambia mwenye nyumba, Rufus, hakubali." Aliona nyuso zikitikisa vichwa kwa huruma, wakimwonea huruma yeye, na hilo lilimchoma kuliko matusi. "Rufus hayupo. Hajawahi kuwepo. Nyumba hii ni yetu, mimi na Nsimire. Aliyekataa ni mimi. Nsimire hakujua Mama aliomba. Amejua leo, kaburini."

Kwa muda ilidhaniwa mtandao umekatika, maana hakuna uso uliotikisika. Wa kwanza kusema alikuwa Papa Balthazar, pembeni yake kwenye kochi, kwa sauti ya mtoto.

"Na ile samaki yangu ya Noël?"

"Tulikula sisi, Papa," Gitonga alisema bila kumtazama. "Tusamehe."

Papa Balthazar alishika magoti yake. Alionekana kama amefiwa mara mbili siku moja.

"Ulikuwa na siku nyingi," Mjomba Venant alisema polepole. "Kutoka mwezi wa sita. Kwa nini hukumwambia binti yetu?"

Hapo Gitonga alinyamaza. Alikuwa na jibu, na lilikuwa kweli, lakini kulitoa ni kujificha nyuma ya maiti.

"Sema, shemeji," Aksanti alisema kutoka Campbelltown. Sauti yake ilikuwa bado na kikohozi. "Usimufichie mama kitu leo."

"Alinikataza yeye," Gitonga alisema. "Nilipomwambia Rufus hakubali, alinyamaza kidogo. Halafu akasema, 'Basi mukwe, usimuambie Nsimire. Ule mtoto namujua, atamufuata ule muzungu agombane naye, atawafukuza. Mutalala wapi na hii korona? Mimi nitavumilia hapa.' Akaniuliza kama nimekula. Akakata simu."

Nsimire aliutoa mkono wake katika mkono wa Waceke. Akainama mpaka paji la uso likagusa meza, na sauti iliyomtoka haikuwa na maneno. Mama yake alikuwa amekaa katika hatari ili mtoto wake asifukuzwe katika nyumba yake mwenyewe. Huko Bukavu wanawake walianza kulia naye, wakichelewa sekunde moja, sekunde mbili. Gitonga aliweka mkono mgongoni mwake, na safari hii hakuuondoa, ingawa alijua huenda ni mara ya mwisho.

Alipoweza kusema, Nsimire aliinua uso kwenye kamera bila kuufuta.

"Mjomba, si yeye peke yake. Rufus nilimtunga mimi. Jina ni langu. Ningemwambia Mama siku ya kwanza kwamba nyumba ni yetu, asingeomba ruhusa ya mtu. Angekuja na godoro lake."

"Tumesikia," Mjomba Venant alisema. "Wote wawili tumesikia. Tusali, tumalize."

Baada ya sala simu ya Nsimire iliita. Alikuwa ameingia chumbani, amekaa kitandani, na begi tupu miguuni. Aliyepiga alikuwa Mjomba Venant, peke yake sasa, bila kamera.

"Mwanangu, unajua desturi. Aksanti yuko tayari kuja kukuchukua. Lakini nisikilize. Dunia imeharibika. Huyu bwana amesema kweli mbele ya watu, na kusema vile si kazi ndogo. Wazee wake watatoka wapi? Ukitaka kubaki, baki. Watu wakiuliza, sema Mjomba Venant amekuamuru ubaki na mume wako. Mimi nitabeba."

Ilikuwa zawadi kubwa. Nsimire aliitazama. Pale ukutani ilikuwapo picha ya harusi, Gitonga akicheka hadi ufizi, na mwili wake wote ulitaka kubaki: miguu, mikono, hata ngozi. Angefungua mlango, angesema Mjomba amekataa nisiondoke, na Gitonga angelia kwa furaha, na usiku ungeingia wakiwa pamoja.

"Asante, Mjomba," alisema. "Acha nifikirie."

Akaanza kukunja nguo zake.

Aksanti alifika jua likizama, baridi ya Agosti ikipanda kutoka kwenye majani. Hakutoka ndani ya gari. Alimwinulia Gitonga kiganja, salamu ya mtu asiyejua kama bado ni shemeji. Papa Balthazar alibeba begi mpaka getini, akaliweka chini, akapita pembeni ya Gitonga bila neno, akaenda zake kijumbani. Waceke alikuwa dirishani analia.

Wakabaki wao wawili kwenye njia ya saruji, hapo getini.

"Nsimire." Gitonga alikuwa bado na ile aproni, hakuna aliyekumbuka kumwambia aivue. "Nilipokuwa nasema kule, ulinichukia?"

"Hapana. Nilikupenda. Nilikupenda kuliko siku ya harusi, na niliona vibaya kukupenda siku ya kilio cha Mama."

"Basi kesho nitampigia Mjomba. Nitamwomba. Nitapiga magoti kwa Zoom kama atataka. Baba zangu wadogo wataongea naye kwa simu kutoka Meru, hata wote watano. Ye ni mtu mzima, ataelewa hii ni korona. Nikimwomba vizuri, Mjomba atakubali urudi."

Alisema kwa haraka, akimshika mkono, na macho yake yalikuwa yamepata tumaini, tumaini la mtu aliyeambiwa ni nani wa kumbembeleza. Nsimire aliyaona. Kunyamaza kungetosha. Gitonga angelala usiku ule akimlaumu Mjomba, kesho angempigia simu, kesho kutwa tena, na yeye Nsimire angebaki kuwa mke mwema aliyezuiliwa na wakubwa wake.

Aliutoa mkono wake, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mjomba amekubali, Gitonga. Amenipigia. Amesema nibaki."

Gitonga hakuelewa. Alimtazama, akalitazama gari, akamrudia.

"Sasa nani amekataa?"

"Mimi," Nsimire alisema. "Ni mimi nimekataa. Unitukane mimi."

Alingoja. Alimpa nafasi kweli, akasimama palepale mbele yake, begi miguuni, amtukane, amzuie, agombane naye kama watu wanavyogombana. Gitonga alifungua mdomo. Hakikutoka kitu ila machozi, na Nsimire alipoona hivyo akainama kuliokota begi, akaingia garini, akafunga mlango mwenyewe.